Pumzi Kabla ya Enter

Elisante alibonyeza Enter nikiwa bado navuta pumzi.

Kitufe kililia *tak*, kama vinavyolia vitufe vyote vya kibodi yetu, lakini mlio huo ulinipiga kifuani. Sikuwa nimesema neno lolote. Nilikuwa nimefungua mdomo tu, na neno nililotaka kulisema lilikuwa "Subiri."

"Elisante! Sijasema 'Haya'!"

"Umesema."

"Nimesema saa ngapi? Nimevuta pumzi, basi!"

Alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mbele yetu, kwenye skrini iliyojaa ukuta mzima, kundi la mawingu tulilolichunga kutoka pwani juma zima lilianza kujikunja na kuwa jeusi juu ya Mto Itumbika. Usidanganywe na jina. Mto huo ni mchanga mtupu, na umekuwa mchanga mtupu tangu mvua zilipotukimbia. Lakini kwenye picha ya kamera ya mlingoti, katikati ya mchanga huo, nilikuwa nimeona magoli mawili, mistari ya chokaa, na watu waliojaa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Fainali," Elisante alisema. "Si walisema kesho?"

"Wameivuta leo. Na mtambo hauwaoni."

Haukuwaona kwa sababu mtambo huhesabu watu kwa tepe wanazofunga kichwani, na siku ya fainali ya Itumbika hakuna anayevaa utepe. Ndiyo mila yao. Wanasema mpira wa kuwaziwa si mpira. Mtu aende na macho yake na koo lake, utepe aubakize nyumbani ukining'inia msumarini. Kwa hiyo mtambo wetu, wenye akili kuliko sisi sote, uliangalia umati ule wote ukaandika: mto uko wazi, endeleeni.

Nilibonyeza Escape. Nikabonyeza tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa choo chenye mtu ndani. Mawingu hayakujali.

*

Ngoja nikueleze kibodi yetu upesi, maana bila hiyo utadhani sisi ni wajinga tu.

Siku hizi kila kitu kinaamriwa kwa utepe. Unaufunga kwenye paji la uso, unawaza chai, birika linaanza kuchemka. Lakini wingu si birika. Hapo nyuma, mchunga mawingu mmoja wa kituo cha mbali aligombana na mkwewe, akawaza neno moja baya akiwa na utepe kichwani, na mvua ya mawe ikashuka juu ya mji aliokuwa anakaa mkwe huyo. Mkwe mwenyewe alikuwa amesafiri. Baada ya hapo ikatungwa Sheria ya Kidole: amri yoyote inayoweza kuua lazima iandikwe kwa vidole, kwenye kibodi, na watu wawili.

Kibodi zenyewe zilikuwa zimeshasahaulika. Wakaanza kuzijaribu moja moja. Walileta ya kioo, ile ya kugusa. Mtu mmoja mwenye shati la mikono mirefu akaburuta kiwiko juu yake, na mvua ya mji mzima ikamwagwa ziwani. Wakaleta ya mwanga, inayomulikwa juu ya meza tupu. Nzi akatua kwenye Enter. Wakaleta ya mpira, laini, isiyopiga kelele, ikamwagikiwa chai ya maziwa na herufi A ikanata, ikajiandika yenyewe hadi mafundi wa umeme walipoitwa. Mwisho wakarudi kwenye kibodi ya babu zetu, ile yenye springi chini ya kila kitufe. Ni nzito kama tofali na inapiga kelele. Uzuri wake ni kwamba ukibonyeza, kidole kinajua kimefanya jambo.

Halafu wakaikata katikati.

Nusu ya kushoto ni yangu: Escape, Tab, Caps Lock, Shift, na herufi za upande huo, kuanzia Q mpaka B. Nusu ya kulia ni ya Elisante: Enter, Backspace, Delete, mishale minne, tarakimu, Ctrl, na herufi zilizobaki. Zamani Ctrl zilikuwa mbili, moja kila upande. Ya kwangu waliing'oa, pakabaki shimo ambalo mimi huweka karanga. Maana ya yote hayo ni kwamba mimi naweza kukataa lakini siwezi kukubali, na Elisante anaweza kukubali lakini hawezi kukataa. Amri ikikamilika, wa kushoto anaisoma, akiridhika anasema "Haya," ndipo wa kulia abonyeze.

Tumefanya hivyo miaka tisa, mimi na Elisante. Anajua nikikohoa nataka maji. Anajua nikikuna shingo mawingu hayanipendezi. Na anajua kwamba kabla ya kusema "Haya" huwa navuta pumzi. Kumbe kidole chake kilishaacha kusubiri neno. Kilikuwa kinasubiri pumzi. Neno lilikuwa linafika kila mara, tena papo hapo, kwa hiyo hakuna aliyegundua, hata mwenyewe. Kosa la namna hiyo hawezi kulifanya mgeni. Ni lazima mpendane kwanza.

*

"Ctrl na Z!" Elisante alipaza sauti. Kidole chake kilikuwa kimeshalala juu ya Ctrl. "Tutendue! Piga Z, Zamda!"

Z ni yangu, iko pale chini pembeni. Kidole kilikwenda hadi hapo, kikagoma.

Nilikuwa najua kutendua kunalifanya nini kundi. Yale mawingu yakishapewa umeme hayarudi kuwa kundi. Yanatawanyika yote, hili huku na lile kule, kama watoto wakisikia kengele ya mwisho. Na kundi hili lilikuwa la mwisho la msimu. Maji ya Mto Itumbika, siku yakiwepo, yanateremka mpaka kwenye lambo la Mwasauli, na Mwasauli ni kwetu. Mama yangu yuko huko. Kaburi la baba liko huko. Serikali ilikuwa imechora mstari mwekundu kwenye ukuta wa lambo na kutangaza kwamba maji yasipoufikia msimu huu, mji wote unahamishwa. Malori yalikuwa yameshapangwa, nyumba zimeshapigwa namba.

"Zamda!"

"Nikipiga Z, kwetu kumekwisha."

"Usipopiga, wale wote wanakwenda na maji! Wewe, watu wale!"

"Nawaona!"

Nilikuwa nawaona kweli. Nilimwona mama mmoja anachoma mahindi nyuma ya goli. Nikainua macho kutoka kwenye Z, nikaruka Enter ile ile iliyotuponza, nikapanda hadi kona ya juu ya nusu ya Elisante. Pale pana vitufe vitatu ambavyo hakuna mtu anayevigusa. Print Screen hupiga picha ya skrini. Tuliwahi kuitumia siku wingu moja lilipofanana na bosi wetu, Bi Dafroza. Scroll Lock sijawahi kukutana na binadamu anayejua kazi yake. Cha tatu ni Pause. Chuoni mwalimu alikitaja mara moja tu: Shift na Pause zikishikwa pamoja, mawingu yatasimama kwa muda wote mtakaozishika. Akaongeza kwamba tusije tukathubutu, maana kusimama kunalila kundi.

"Pause!" nikasema. "Mimi nashika Shift, wewe Pause. Shika!"

Hakuuliza. Mkono wake wa kushoto uliruka juu, kidole changu kidogo kikazama kwenye Shift, *tak tak*, na juu ya Itumbika lile jeusi lote likasimama.

Nilitaka kucheka na kulia. Mvua nzima ilikuwa imening'inia hewani, na kilichoizuia ni kidole changu kidogo.

*

Pembeni mwa skrini kulikuwa na nguzo ya kijani inayoonyesha kundi lina mvua kiasi gani. Ilikuwa imejaa mpaka juu. Chini kidogo ya katikati mtambo ulikuwa umeweka alama: hapo ndipo lambo la Mwasauli lingefika kwenye mstari mwekundu. Nguzo ilianza kushuka mbele ya macho yangu. Kulizuia wingu lililokwisha kuamriwa ni sawa na kumshika ng'ombe mkia. Inawezekana, lakini mikono ndiyo inayochunika.

"Wape tahadhari ya utepe," Elisante alisema.

"Tepe ziko misumarini, Elisante."

"Basi ubao! Ubao wa magoli!"

Hapo alinena. Ubao wa magoli wa Itumbika ulikuwa umetundikwa kwenye mlingoti wetu, na F9 ndiyo kitufe cha matangazo ya umma. Elisante aliipiga kwa mkono wake wa kulia uliokuwa huru. Mimi mkono wangu wa kulia nikauleta juu ya herufi zangu. Tukaanza kuandika, watu wawili, mkono mmoja mmoja. T yangu. O yake. K yake. E yangu. N yake, I yake. Hatukuambiana kitu, herufi zilikuja zenyewe kama watu wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Kwa kuwa Shift ilikuwa imeshikwa, kila tulichoandika kilitoka kwa herufi kubwa, kama watu wanaofoka. Safi sana. Tulikuwa tunafoka.

TOKENI MTONI MVUA INAKUJA>

Elisante alikuwa amepiga nukta, lakini Shift ikiwa chini nukta hutoka mshale. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuifuta. Kipaza sauti cha mlingoti kilituletea kelele za uwanjani, na juu ya kelele zote sauti ya mtangazaji wa mechi. Anaitwa Kijanga, kila mtu wa upande ule anamjua, mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Ndugu watazamaji, mmeuona ubao?" Kijanga alinguruma. "Mwaka jana tunaongoza moja bila, wakasema nyuki! Mechi ikavunjwa! Nyuki mlimwona?"

"Hatukumwona!" umati ukaitika.

"Mwaka huu tunaongoza moja bila, wanasema mvua! Mvua, Itumbika hii! Hilo wingu mnaloliona ni la wenyewe, linapita kama yalivyopita mengine. Kaeni! Hatoki mtu hapa!"

Wakacheka. Wakapiga vuvuzela. Kijana mmoja akauonyesha ubao wetu makalio.

"Hawa watu ni wazima?" Elisante alikuwa karibu kulia. "Andika tena. Andika mafuriko."

"Hawataamini."

Na kusema kweli sikuwalaumu. Kwa miaka mitatu mawingu tunayoyachunga sisi yalikuwa yanapita juu ya vichwa vyao kwenda kwa wengine. Ningekuwa mimi ningekaa. Nguzo ilikuwa imeshapoteza robo yake. Pale uwanjani filimbi ikalia, wachezaji wakaanza kutoka kwenda kunywa maji: mapumziko. Watazamaji hawakusogea. Kila mmoja alikuwa ameshikilia sehemu yake, mwenye kigoda amekalia kigoda, mwenye ndoo amekalia ndoo, wasije wakaporwa nafasi.

Ndipo nikaelewa.

"Elisante, hawa hawaogopi maji. Wanaogopa kukosa pa kukaa. Pale juu ukingoni, upande wa kulia, pana nini?"

"Shule. Na uwanja wa shule."

"Futa yote. Andika ninachoanza."

Alipiga Backspace mpaka ubao ukawa mweupe. Tukaandika, na safari hii ile mishale nilimwambia aipige kwa makusudi:

KIPINDI CHA PILI KINAHAMIA SHULENI >>>> WAHINI NAFASI

Alipofika kwenye neno la mwisho mkono wake ulisita.

"Zamda, huu ni uongo. Ubao wa umma haujawahi kusema uongo. Tukiuchezea leo, kesho nani atauamini?"

"Kesho wawepo kwanza. Maliza I."

Akaimaliza.

Kijanga aliusoma kimoyomoyo kwanza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinyamaza. Kisha akausoma kwa sauti. Uwanja mzima ukatulia. Halafu bwana mmoja mnene, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akainuka polepole, akatazama kushoto, akatazama kulia kama mwizi, akabeba kigoda chake kichwani akatoka mbio.

Basi! Mto wote ukainuka. Walikimbia na viti, na ndoo, na watoto mgongoni. Mama wa mahindi alikimbia na jiko likiwa linawaka. Refa alikimbia na mpira kwapani, na timu zote mbili nyuma yake zikimuuliza nani kabadilisha bila kuwaambia. Waliupanda ule ukingo wakivutana mashati. Sijawahi kufurahi hivyo kuona watu wakisukumana. Nilikuwa napiga kelele kwenye chumba chetu, "Kimbieni! Kimbieni, wote mtakosa!" na Elisante alikuwa anacheka machozi yakimtoka, mkono wake wa kushoto ukiwa bado umeibana Pause.

Nguzo ilikuwa imebakiwa na zaidi kidogo ya nusu. Ilikuwa bado juu ya alama. Tungeweza. Nilianza kumwona mama yangu kwenye ukuta wa lambo, maji yakipanda.

"Wametoka wote?" nikauliza.

Elisante alisogeza kamera kwa mshale wake wa kushoto, akapitisha mchanga wote taratibu, halafu akaacha.

"Yule pale nani?"

*

Alikuwa Kijanga. Amebaki peke yake katikati ya mto, na anakunja nyaya.

Alikuwa na spika nne za kuning'iniza, betri, na waya mrefu uliotandazwa uwanja mzima, na alikuwa anauzungusha kwenye kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko, kwa utaratibu wa mtu aliyelelewa vizuri. Kipaza sauti alikuwa bado amekibana kwapani kikiwa hai. "Nakuja, ndugu zangu," alikuwa anasema. "Msianze bila mimi. Vyombo vya watu hivi, nimeazima, siwezi kuviacha."

Nguzo ya kijani ikaigusa alama.

"Achia, Zamda," Elisante alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa ananililia nipige Z.

"Ni mmoja tu," akasema, bila kunitazama. "Na pengine atakimbia, ana miguu. Kwenu kuna mji mzima."

"Umeuona ule mchanga? Maji yakija atakimbilia wapi?"

"Basi nitaachia mimi. Usiseme neno, wewe nyamaza tu. Enter ya kwanza ilikuwa yangu, hii nayo iwe yangu. Wakiuliza, ni Elisante."

Na angeweza. Hilo ndilo lililonitisha. Pause ilikuwa chini ya kidole chake, si changu. Kama angekiinua, mawingu yangeshuka, na mimi ningekwenda nyumbani kwa mama nikiwa msafi kabisa. Nakiri nilitamani. Kwa muda wa kufumba jicho nilimchukia Kijanga na nyaya zake na malezi yake mazuri, nikatamani Elisante asiniulize, afanye tu, kama alivyofanya mara ya kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba mara ya kwanza ndiyo iliyotuleta hapa.

"Elisante," nikasema, "ukiinua hicho kidole kabla sijasema neno langu, hatutakaa tena meza moja, mimi na wewe, maisha. Umenisikia? Neno. Si pumzi."

Alinitazama. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Nimesikia."

"Andika jina lake."

K yake, I yake, J yake, A yangu, N yake, G yangu, A yangu. KIJANGA KIMBIA. Kijanga aliinua macho kwenye ubao, na waya ukiwa umejaa mkononi.

"Nani huyo ananijua?" akauliza kwenye kipaza sauti.

KIJANGA TAZAMA JUU

Akatazama. Sijui alikuwa hajatazama mbingu kwa muda gani. Wingu letu lilikuwa limening'inia juu yake limesimama, halisogei hata kidogo, na nadhani ni huko kusimama kulikomwambia ukweli, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuona wingu limesimama hivyo. Akautupa waya. Akakimbia hatua chache, waya ukamkamata mguu, akaanguka kifudifudi, akakaa kwenye mchanga anauchomoa.

Nguzo ikapita alama. Niliiona ikiipita. Kwetu kulikuwa kunapungua hapo kwenye skrini, kipande kwa kipande, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika. Kidole changu kidogo kilikuwa kimekufa ganzi. Elisante alikuwa ananisikiliza mimi, sikio lake lote, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Kijanga akasimama. Akakimbia. Mchanga ulimvuta miguu, akaenda kwa magoti na mikono, akaufikia ukingo, akashika mizizi, na mikono ya watu huko juu ikamshika mabega na suruali, ikamvuta.

Nikavuta pumzi. Niliivuta ndefu, mpaka chini kabisa, na wakati wote huo nilikuwa nakitazama kidole cha Elisante.

Hakikutikisika.

"Haya," nikasema.

Tukaachia pamoja.

*

Mvua ilishuka kama iliyotukanwa. Kamera haikuona kitu, kisha ikaona maji, ya rangi ya matofali, yanakuja kutoka kwenye kona ya mto na magogo mbele yake. Huko juu ukingoni watu wa Itumbika walikuwa wamesimama na vigoda vyao. Hakuna aliyeuliza habari ya kipindi cha pili.

Halafu kipaza sauti cha mlingoti kikatuletea sauti ya Kijanga, kavu, bila spika wala nini, koo tupu.

"Maji hayo," alisema, akihema. "Yanakuja... yanakuja kwa kasi, ndugu watazamaji. Yamempita beki wa kulia. Yamempita beki wa kati. Yako ndani ya boksi, kipa hayupo, kipa yuko hapa na mimi... gooooli!"

Maji yalikuwa yameling'oa goli zima na kuondoka nalo. Umati ule ukalipuka kwa kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwenye mechi yoyote. Watu walikumbatiana, Itumbika na wapinzani wao, wamelowa chapachapa, wanaruka. Mimi na Elisante tulikuwa tumesimama bila kujua tumesimama saa ngapi. Mkono wake wa kushoto haukuweza kukunjuka. Nikaushika nikaukunjua kidole kimoja kimoja.

"Nakwenda kwa Bi Dafroza," alisema. "Nikamwambie mwenyewe kuhusu ile Enter."

"Nenda. Nikishapiga simu nakufuata. Uongo wa ubao ni wangu."

Nilisubiri mpaka maji yawe yamefika Mwasauli, ndipo nikampigia mama. Sikutaka kusoma kwenye skrini. Alipokea akiwa nje. Nilisikia vigelegele, nilisikia watoto wanaruka majini.

"Zamda! Kuna maji, mwanangu! Kuna maji, lambo lote! Wazee wazima wamevua mashati!"

"Mama, mstari. Yamefika kwenye mstari?"

Nilijua alikuwa anatembea kwenda ukutani, kwa sababu vigelegele vilibaki nyuma.

"Bado kiganja kimoja," akasema. "Na yametulia."

Nikakaa. Kiganja kimoja. Kilikuwa ni Kijanga na waya wake.

"Mama, ni mimi. Ni mimi niliyeichelewesha mvua. Ingefika. Nilikuwa nayo mkononi, ingefika kabisa, lakini kulikuwa na mtu mtoni."

Nilikuwa nimejiandaa kwa chochote. Anitukane, alie, anitajie kaburi la baba.

"Huyo mtu," akasema, "alitoka?"

"Alitoka."

"Mzima?"

"Mzima, mama. Anatangaza mpira."

Nikasikia anashusha pumzi, kisha nikasikia maji yanachotwa kwenye ndoo, ndoo ya bati, ule mlio ambao sikuwa nimeusikia kwetu kwa miaka mitatu.

"Basi tutahama tumeoga," akasema mama.